Familia zinazoishi kwa kunyanyua vizito

Desemba 15, 2023, katika eneo la ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Hinkley Point C, kusini magharibi mwa Uingereza, kuba la chuma lenye uzito wa tani 245 na upana wa mita 47 lilinyanyuliwa na kuwekwa juu ya jengo la kinu cha kwanza. Kabla ya hapo wahandisi walilazimika kusubiri upepo utulie. Kreni iliyofanya kazi hiyo inaitwa Big Carl, na ilipozinduliwa mwaka 2018 ilitangazwa kuwa kubwa kuliko kreni zote zinazofanya kazi nchi kavu. Carl si mwanasiasa wala mvumbuzi wa zamani. Ni Carl Sarens, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa kampuni inayomiliki kreni hiyo, na kampuni yenyewe ni mali ya ukoo wake.

Kampuni ya Sarens ina makao makuu Wolvertem, mji mdogo ulio kaskazini mwa Brussels, Ubelgiji. Mwanzo wake ni mwaka 1921, wakati Frans Sarens alipokuwa akitoa magogo msituni kwa farasi na mkokoteni. Kampuni ilisajiliwa rasmi mwaka 1955. Leo inafanya kazi katika nchi zaidi ya 60, lakini jina lililoandikwa kwenye mikono ya kreni zake ni lile lile la mzee wa magogo.

Kwa mtu wa Mafinga historia hiyo haina ugeni mkubwa. Anayefahamu msitu wa Sao Hill anajua jinsi mtu anavyoanza na lori moja bovu la kubebea magogo, akapata la pili, kisha akanunua mashine ya kupakilia kwa sababu amechoka kulipa vibarua wanaoumia kila wiki. Baada ya hapo anaanza kuitwa na majirani wenye kazi zao: kuna jenereta la kushushwa, kuna tangi la mafuta la kusimamishwa, kuna katapila limekwama mtoni. Pasipo kupanga, mtu wa magogo amekuwa mtu wa kuhamisha mitambo. Familia nyingi za Ulaya na Marekani zilizo katika biashara hii zilipita njia ya namna hiyo.

Kreni, au winchi kama wengi wa Dar es Salaam wanavyoiita, ni chombo ambacho mwenye kiwanda anakihitaji sana kwa siku chache tu. Kiwanda cha sukari kinaweza kukaa mwaka mzima bila kunyanyua kitu kizito kuliko gunia, halafu siku moja roli la kinu cha kusagia miwa linapasuka. Roli hilo ni tani nyingi za chuma, limekaa katikati ya mashine nyingine, chini ya paa. Hakuna mwenye kiwanda mwenye akili timamu atakayenunua kreni kwa ajili ya siku hiyo. Atakodi. Na kwa kuwa siku hiyo haina mbadala, anayekodisha ana nguvu ya kupanga bei, mradi kreni yake iwe nzima, iwe karibu, na mtu wake awe anajua kazi.

Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye hatari ya kufilisika.

Hesabu ya siku

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu ananunua kreni iliyotumika kwa Sh600 milioni, zote za mkopo wa riba ya asilimia 16. Riba ya mwaka wa kwanza ni Sh96 milioni. Akiipa kreni hiyo maisha ya miaka 15, uchakavu wake ni Sh40 milioni kwa mwaka. Bima, opereta, mfungaji mizigo, matairi, waya na matengenezo, tuseme Sh64 milioni. Jumla ni Sh200 milioni kwa mwaka, iwe kreni inafanya kazi au imesimama uani. Mafuta hayamo, maana mara nyingi humwangukia mteja.

Kreni hiyo ikipata siku 180 za kazi kwa mwaka, kila siku inatakiwa kuingiza takriban Sh1.1 milioni ili gharama zirudi. Ikipata siku 125, inatakiwa kuingiza Sh1.6 milioni. Ikipata siku 90, ni zaidi ya Sh2.2 milioni. Mteja hajali kreni imefanya kazi siku ngapi mwaka huu. Anaangalia bei ya jirani. Kwa hiyo mwenye siku 90 analazimika kukodisha kwa bei ya mwenye siku 180, na pengo analijaza kwa kuacha kubadilisha waya, kuacha bima, au kumwajiri opereta ambaye jana alikuwa akiendesha forklifti.

Wasomaji wa kurasa hizi watakumbuka kuwa hesabu ya trekta ni hiyo hiyo. Baada ya kutangazwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009, matrekta yaliyoagizwa kupitia SUMA JKT yalikopeshwa kwa wakulima na vikundi, na miaka iliyofuata wadaiwa walikuwa wakitangaziwa magazetini. Yapo yaliyoharibika mapema, na wapo waliokopa bila nia ya kulipa. Lakini hata mkopaji mwaminifu alikuwa na tatizo la siku: trekta la kulima hupata kazi kwa wiki chache kabla ya mvua na mara baada ya mvua kuanza, na riba haina msimu. Aliyeponyoka ni yule aliyekuwa na tela la kubebea mazao, mashine ya kupukuchua, au kandarasi ya barabara ya kijiji ya kumfanyisha kazi kiangazi.

Familia ina faida gani hapa? Ya kwanza ni subira. Kampuni yenye wanahisa wengi inaulizwa kila baada ya miezi mitatu faida iko wapi. Familia inaweza kununua kreni mwaka ambao soko limelala, kwa bei ya chini, ikaificha uani na kusubiri. Inaweza pia kuendelea kuitumia miaka 25, wakati kitabu cha mhasibu kilishaifuta zamani. Miaka hiyo ya mwisho, ambayo haina riba wala deni, ndiyo inayolipa ada za shule na kununua kreni inayofuata.

Faida ya pili ni watu. Opereta mzuri hapatikani kwa tangazo. Ni mtu anayesikia injini ikibadilika sauti, anayeona udongo chini ya mguu wa kreni ukianza kuzama, na anayeweza kumwambia mteja mwenye haraka kwamba leo hatunyanyui. Kuajiriwa kunamfanya mtu aogope kusema hivyo. Mtoto wa mwenye kreni haogopi, maana kreni ikianguka ni urithi wake umeanguka.

Hasara zipo pia, na familia nyingi hazipendi kuzizungumza: gari la kampuni kutumika kwenye harusi, shemeji asiyejua kazi kupewa cheo, na mzee kukataa kusaini hundi hadi kreni inakosa spea katikati ya kazi.

Sarens walivyoamua kujijengea

Kwa miaka mingi familia za biashara hii zilinunua kreni kutoka kwa watengenezaji wakubwa kama Liebherr na Demag wa Ujerumani. Tatizo ni kwamba anayenunua kreni ya dukani hushindana na kila mwenye pesa ya kununua kreni kama hiyo. Sarens waliamua kubuni kreni zao wenyewe za kazi kubwa mno. Mwaka 2011 walizindua moja iliyopewa jina la Big Benny, kwa heshima ya Benny Sarens, mmoja wa wakurugenzi wa familia. Big Carl ilifuata miaka saba baadaye, ikazinduliwa katika bandari ya Ghent kisha ikapelekwa Hinkley Point mwaka 2019.

Ukubwa wake ndio unaopigiwa picha: inaweza kufika urefu wa mita 250, inatembea kwa magurudumu 96 juu ya reli za urefu wa kilomita 6 ndani ya eneo la ujenzi, na uwezo wake wa juu ni tani 5,000. Kwa mchumi, kinachovutia zaidi ni jinsi inavyosafiri. Kreni yoyote inayonyanyua mzigo mbele inahitaji uzito nyuma ili isipinduke. Kwa Big Carl uzito huo ni makontena 52, kila moja tani 100, jumla tani 5,200. Kusafirisha tani 5,200 za chuma au zege kuvuka bahari kungekula faida yote ya kazi. Kwa hiyo makontena husafirishwa matupu na kujazwa kwa kifusi kinachopatikana hapo hapo kwenye eneo la kazi. Mtu aliyekulia kwenye magogo alijua kuwa kazi ya kwanza ni kupunguza unachobeba.

Hata hivyo, kreni ya namna hiyo ina wateja wachache duniani, na ikimaliza kazi moja lazima ipate nyingine yenye ukubwa unaofanana, pengine bara jingine. Fedha za kuijenga haziwezi kutoka kwenye kibubu cha familia. Sarens walikopa. Mwaka 2020 waliuza hatifungani kwa wawekezaji wa nje, za kulipwa mwaka 2027. Njia hiyo inaacha usukani mikononi mwa familia, lakini inaleta tarehe ya kulipa ambayo haijali kama mradi wa mteja umechelewa.

Walionunua kampuni kubwa, kisha wakauza

Jirani zao Waholanzi walipita njia nyingine. Familia ya Van Seumeren, ya mkoa wa Utrecht, ilikuwa na kampuni yake ya kreni tangu miaka ya 1960. Mwaka 2000 ilinunua Mammoet kutoka kwa kampuni ya meli ya Nedlloyd. Mammoet ilikuwa na jina kubwa zaidi katika usafirishaji wa mizigo mizito, na wanunuzi walikuwa na busara ya kutosha kuacha jina la ukoo na kuchukua la waliyemnunua. Katika biashara hii jina ni mali. Mhandisi anayekabidhi mtambo wa mabilioni anataka jina alilolisikia.

Mwaka uliofuata jina hilo lilisikika kila mahali. Nyambizi ya Urusi, Kursk, ilikuwa imezama katika Bahari ya Barents Agosti 2000 na watu wote 118 waliokuwamo. Mammoet, ikishirikiana na kampuni ya Smit, pia ya Uholanzi, iliitoa nyambizi hiyo kutoka kina cha takriban mita 108 mwezi Oktoba 2001. Hawakutumia kreni ya kawaida. Walitumia jeki 26 za nyaya zilizowekwa juu ya jahazi, kila jeki ikishika na kupanda kidogo kidogo, na chini yake mitambo ya kufidia mawimbi ili nyambizi isitikiswe.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2006, familia iliuza. Mnunuzi alikuwa SHV, kundi la Kiholanzi lililoanza mwaka 1896 kwa muungano wa wauzaji wa makaa ya mawe, ambalo nalo liko chini ya familia, ile ya Fentener van Vlissingen. Frans van Seumeren, aliyekuwa akiongoza Mammoet, mwaka 2008 alinunua hisa nyingi za klabu ya soka ya FC Utrecht. Mammoet iliendelea kukua chini ya wenyeji wapya, na mwanzoni mwa mwaka 2020 ilimmeza mshindani wake wa Uingereza, ALE.

Je, Van Seumeren walikosea kuuza? Kwa hesabu, hapana. Kila kazi kubwa ilidai vifaa vikubwa zaidi, na familia isiyo na migodi wala visima vya mafuta ingelazimika kukopa bila kikomo au kubaki ndogo. Walichagua kuuza wakati jina liko juu. Wapo wazee wengi wa Kiafrika waliongoja hadi kampuni ikawa ya kugombaniwa na warithi mahakamani, mali ikaoza uani kesi ikisubiri.

Siku moja ya upepo

Anayetaka kuelewa kwa nini bei ya kreni ina sehemu isiyoonekana aangalie kilichotokea Milwaukee, Marekani, Julai 14, 1999. Uwanja wa besiboli wa Miller Park ulikuwa ukijengwa, na kreni kubwa iliyoitwa Big Blue ilikuwa ikiinua kipande cha paa chenye uzito wa zaidi ya tani 400. Kreni hiyo ilitoka kwa kampuni ya familia ya Lampson, iliyoanzishwa na Neil Lampson mwaka 1946 katika mji wa Kennewick, jimbo la Washington, na ilikuwa imekodiwa na mkandarasi wa paa. Siku hiyo kulikuwa na upepo. Kreni ilianguka, ikagonga kikapu kilichoning'inizwa kwenye kreni nyingine, na mafundi chuma watatu waliokuwa ndani yake wakafa. Kufunguliwa kwa uwanja kulisogezwa kutoka mwaka 2000 hadi 2001.

Kesi ilipofika mahakamani, hoja kubwa ilikuwa upepo. Jedwali la uzito la kreni linasema mashine inabeba kiasi gani ikiwa mkono umefika umbali fulani. Halisemi kipande cha paa chenye ukubwa wa uwanja mdogo kinageuka tanga upepo unapokipiga. Baraza la mahakama liliweka sehemu kubwa mno ya lawama kwa mkandarasi aliyesimamia kazi, si kwa mwenye kreni. Lakini kwa familia yenye jina lake ubavuni mwa mashine iliyoanguka mbele ya kamera, hukumu hiyo ni faraja ndogo. Kampuni ya Lampson iliendelea na kazi.

Huku kwetu makosa ya jedwali ni ya kawaida zaidi ya makosa ya upepo. Kreni iliyoandikwa tani 50 inabeba tani 50 pale tu mzigo unapokuwa karibu kabisa na mashine, mita tatu hivi, na miguu yote imetandazwa kwenye ardhi ngumu. Mkono ukinyooshwa mita 20 kando, kreni hiyo hiyo huenda isizidi tani saba au nane. Meneja anayepiga simu na kuuliza "kreni ya tani 20 ni bei gani" kwa sababu mtambo wake ni tani 18 hajauliza swali lenye maana. Mwenye kreni wa kweli atamwuliza: mtambo uko mita ngapi kutoka mahali kreni itakaposimama, kuna paa, kuna nyaya za umeme juu, na chini ya zege kuna shimo la maji machafu? Asiyeuliza, hata kama bei yake ni nusu, afadhali asikaribishwe getini.

Barabara, mizani na masika

Afrika Mashariki imeona kazi chache za kiwango hicho. Mfano ulio wazi ni mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya: mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Mitambo iliteremshwa bandari ya Mombasa na kupandishwa hadi eneo la Loiyangalani, kaskazini kabisa mwa nchi. Ilibidi kwanza kutengeneza kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis hadi eneo la mradi, maana mapanga ya mtambo hayakati kona ya njia ya ng'ombe. Usafirishaji ulifanywa na Bolloré, nayo ni kampuni ya familia, iliyoanza mwaka 1822 huko Brittany, Ufaransa, ikitengeneza karatasi. Desemba 2022 Bolloré iliuza biashara zake za usafirishaji barani Afrika kwa kampuni ya meli ya MSC kwa Euro bilioni 5.7. MSC, iliyoanzishwa na Gianluigi Aponte mwaka 1970, ni ya familia vilevile. Tangu 2023 biashara hizo zinaitwa Africa Global Logistics.

Chini ya majina hayo makubwa wapo wenyeji wenye kreni moja, mbili au tano, nyingi zikiwa Kato na Tadano zilizotumika Japan kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa. Hao ndio wanaoshusha transfoma za vijiji, kusimamisha maghala ya nafaka ya chuma, kuhamisha mitambo ya mkonge na kubadilisha vyungu vya mvuke viwandani. Ushindani wao mkubwa hauko kwenye kunyanyua bali barabarani.

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Mtambo unaozidi hapo, au unaozidi upana na urefu uliowekwa, unahitaji kibali maalumu, ambacho kwa Tanzania hutolewa na TANROADS. Dereva wa lobedi mwenye kibali husafiri mchana, na gari la kusindikiza mbele likiwa na bendera na taa. Asiye na kibali hukwama mizani ya Vigwaza, na kila siku anayolala hapo ni siku moja iliyotoka katika zile 125 za hesabu yetu. Madaraja nayo yana mipaka yake: mzigo wa tani 100 haupiti kila mahali hata ukiwa na kibali, mpaka uzito ugawanywe juu ya ekseli nyingi. Trela maalumu zinazojiendesha zenyewe, ambazo kampuni za Ulaya huunganisha pamoja kwa makumi ya ekseli, zilibuniwa kwa ajili hiyo. Kwa wenyeji njia iliyobaki ni kufungua mtambo vipande vipande na kuuunga upya, na hiyo ni ajira nzuri kwa mafundi ikiwa mteja ana muda.

Kwa kiwanda cha sukari muda ndicho kitu kisichopatikana. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na unapaswa kusagwa ndani ya saa 24, au mbili zikizidi sana, 48. Kinu kikisimama siku tatu kwa kukosa kreni, mwenye kiwanda anapoteza uzalishaji, lakini mkulima wa nje aliyekwisha kuchoma na kukata shamba lake anapoteza muwa wenyewe. Yeye hakuwamo kwenye kikao cha kuamua kreni ipi ikodiwe, na mara nyingi hayumo hata kwenye hesabu za hasara.

Ndiyo maana viwanda vya Kilombero na Mtibwa hufanya matengenezo makubwa wakati wa masika, ambapo miwa haiwezi kutolewa shambani kwa sababu ya matope. Ubaya ni kwamba masika hayo hayo huharibu barabara ya kupitishia kreni na kulainisha ardhi ambayo miguu yake itasimama. Na kwa kuwa viwanda vyote vinafunga kipindi kimoja, kila mmoja anatafuta kreni mwezi huo huo. Mwenye kreni anayejua kilimo huweka mikataba yake Januari, kabla simu hazijaanza kulia, na hupeleka mashine Kidatu au Turiani wakati barabara bado kavu, hata kama itakaa wiki nzima bila kazi.

Wiki hiyo lazima ilipwe na mtu. Mikataba iliyoandikwa vizuri hutenganisha mambo manne: bei ya kuleta na kurudisha kreni, bei ya siku ya kazi, bei ya siku ya kusubiri, na nani anatengeneza ardhi. Mingi ya kwetu huandikwa mstari mmoja, "kreni siku tano", na mvua ikinyesha siku ya pili ugomvi unaanza: mteja anasema kreni haikufanya kazi, mwenye kreni anasema kreni ilikuwapo, na opereta amelala ndani ya kibanda akisubiri waamue.